Sifuri ya Ishiara

Marcella Karimi alitimiza miaka arobaini na sita mwaka wa 1999, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimaliza mbele ya mashine ya taipu. Kwao ni Igoji, upande wa Meru. Alishuka Embu akiwa msichana, akasomea uhazili, akaajiriwa na kituo kimoja cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya mji, na tangu hapo akawa mtu wa kurudi kwao Krismasi na wakati wa matanga tu. Jengo la kituo lilikuwa refu, la mabati mekundu, limezungukwa na miti ya mikima. Asubuhi ukungu wa mlimani uliingia mpaka kwenye veranda na kutambaa chini ya milango, na wafanyakazi wakawa wanasalimiana kabla hawajaonana vizuri.

Kazi ya Marcella ilikuwa mvua. Kulikuwa na vituo tisa vya kupimia mvua, kuanzia chini kabisa Mbeere mpaka juu karibu na msitu. Vipimo vilimfikia kwa simu, naye akavipanga kwenye jedwali na kulipiga taipu. Kosa moja tu, labda kumi na saba mahali pa sabini na moja, na ilibidi aitoe karatasi, atie nyingine na kaboni zake tatu, aanze tena tangu jina la kituo cha kwanza. Hakuwahi kulalamika. Ila alipomaliza kurudia ukurasa mzima kwa ajili ya tarakimu mbili, alikuwa akigeukia dirisha na kutazama mikima ikitikisika, macho yamelegea, mpaka mtu amguse bega. Wenzake walizoea. Walisema, "Marcella ameenda Igoji," wakamngoja arudi.

Kompyuta ilimkuta hivyo hivyo. Mwaka wa 1998 wafadhili walileta mbili, pamoja na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekaa wiki mbili, akatengeneza ukurasa wa mvua kwenye mtandao, akamfundisha Marcella kuubadilisha, akamwachia masomo yaliyochapishwa, karatasi nene kama Biblia, kisha akaondoka. Ukurasa ulikuwa mzuri. Juu palikuwa na picha ya mlima, ikifuatiwa na ramani ya vituo tisa na jedwali. Tatizo lilikuwa laini ya simu. Kila ulipoufungua ukurasa, kwanza kioo kilikuwa cheupe. Kisha mlima ulianza kushuka kutoka juu mstari kwa mstari, mbingu kwanza, halafu theluji, mawe, msitu, na kufikia jedwali dakika nne zilikuwa zimekwisha. Na kama mtu alitaka kujua iwapo kipimo kimebadilika, hakuwa na njia ila kuufungua upya. Weupe ulirudi, na mlima ukaanza kushuka tena.

Bwana Muthamia, mkuu wa kituo, alijaribu mara moja tu. "Hii ni toy, Marcella," alisema, akaondoka kwenda kunywa chai. Marcella hakubishana naye. Kwake yeye mlima ule ulioteremka polepole ulikuwa kama usingizi wa mchana, na alikuwa akiungoja bila haraka, mikono mapajani.

Kati ya wapimaji wake tisa, aliyempenda zaidi alikuwa Mwalimu Nthiga wa upande wa Ishiara. Hawakuwa wamewahi kuonana. Nthiga alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na kipima mvua kilikuwa nyuma ya nyumba yake. Saa tatu na nusu kila asubuhi alikuwa amefika madukani kupiga simu. Yeye alizungumza Kimbeere na Marcella Kimeru, kwa hiyo walikutana katikati, kwa Kiswahili.

"Ishiara," alikuwa akisema.

"Karibu Mwalimu. Imenyesha?"

"Sifuri, madam. Sifuri nukta sifuri."

Mvua ndefu za mwaka huo zilikuwa zimekataa kushuka Mbeere. Mei ilipita, Juni ikapita. Vituo vya juu vilikuwa na manyunyu yao, lakini mstari wa Ishiara ulikuwa sifuri zilizopangana kama shanga. Hata hivyo Nthiga hakukosa siku. Wakati mwingine aliongeza neno: jana kulikuwa na wingu moja saa kumi, likapita, leo upepo umenuka maji lakini ni ya mtu mwingine. Marcella alikuwa akiyaandika maneno hayo pembeni mwa daftari lake, ingawa jedwali halikuwa na nafasi yake.

Mwezi wa Agosti barua pepe ilikuja kutoka Norwei. Aliyeiandika aliitwa Kithaka, mwanafunzi wa misitu katika chuo kimoja huko. Aliandika:

"Madam, nimeuona ukurasa wenu kwa bahati. Nauliza kuhusu Ishiara. Je, anayepima bado ni Mwalimu Nthiga? Ni baba yangu. Mama alipofariki miaka minne iliyopita sikuja kumzika, nilikuwa na mtihani. Baba aliniambia nisimpigie simu tena, na barua zangu hazijibu. Siku hizi asubuhi naangalia hiyo sifuri. Nikiiona najua ameamka, ametembea mpaka nyuma ya nyumba, ameinama. Usimwambie. Jambo moja tu: kila nikitaka kuangalia tena lazima ukurasa wote upotee kwanza. Naogopa hapo unapopotea. Hakuna namna nambari ikabadilika yenyewe, na mengine yakabaki?"

Marcella aliisoma mara tatu, kisha akageukia dirisha. Siku hiyo hakuna aliyemgusa bega.

Tangu siku hiyo saa zake za chakula cha mchana zilikwenda kwenye zile karatasi za mtaalamu. Sehemu kubwa hakuielewa, akaisoma tu kama mtu anavyosoma majina ya miji ya mbali. Lakini katika somo la fomu alikuta mfano wa kujumlisha. Unajaza visanduku viwili, unabonyeza, na cha tatu kinajijaza jibu chenyewe. Aliupiga mfano ule neno kwa neno, akabonyeza. Jibu likatokea. Alibonyeza tena huku akiangalia sehemu nyingine za ukurasa. Hakuna kilichotikisika. Hapakuwa na weupe. Tarakimu moja iliondoka, nyingine ikaingia mahali pake, na maneno yote yaliyoizunguka yakabaki yametulia.

"Mungu wangu," Marcella alisema, peke yake chumbani. Aliweka kiganja juu ya kioo.

Basi vipimo vyake angeviweka ndani ya visanduku vya fomu, tisa, kila kituo na chake. Swali likabaki, kipimo kipya kingeingiaje? Kwenye mfano jibu lilipatikana hapo hapo. Mvua ya Ishiara ilikuwa mbali, kwenye faili ndani ya mashine moja Nairobi, na kuifuata ilimaanisha kuufungua ukurasa upya. Alizunguka na swali hilo wiki mbili nzima. Alilibeba kanisani, alilibeba sokoni, akauziwa ndizi mbivu badala ya za kupika asijue.

Mchana mmoja alijilaza kwenye nyasi chini ya mikima na kusinzia. Akaota yuko Igoji, mtoto, amekaa nje ya jiko la mama yake. Mlango umefungwa na moshi unapita kwenye ukuta wa fito. Mama hafungui mlango, ila katika tundu dogo la ukuta mkono wake unatokea na kiazi cha moto, unarudi, unatokea na kingine. Marcella mtoto anakula, na nyumba haijasogea.

Alipoamka unyevu wa ardhi ulikuwa umemlowesha mgongo. Alikwenda ofisini moja kwa moja, na majani yamemganda nyweleni, akafungua somo la fremu. Mtaalamu alikuwa amemwonyesha kwamba ukurasa unaweza kugawanywa, fremu mbili katika dirisha moja, kila moja ikifunguka kivyake. Fremu ya kwanza aliipa kila kitu, mlima, ramani na visanduku tisa. Ya pili aliipa kimo cha sifuri, hata isionekane. Ndani ya hiyo isiyoonekana aliweka faili dogo sana, nambari tisa na maagizo mistari michache tu: kila baada ya dakika tano jifungue upya, kisha wakabidhi wenzako wa juu hizi nambari. Faili lile halikuwa na picha. Kwenye laini yao ya simu lingepita kwa sekunde tatu.

Ilimchukua siku kumi na moja kuyanyoosha maagizo, kwa kuwa koma moja ikipotea kompyuta hukataa yote. Lakini Ijumaa moja ya Septemba, yeye akiwa amekaa mikono mapajani, kompyuta ilitoa mlio mdogo, tik, na kisanduku cha kituo cha msituni kikaacha 1.4 kikashika 2.0. Mlima haukutikisika. Marcella alihisi kama mtu amepumua nyuma ya ukuta.

Alimwandikia Kithaka: "Ufungue, halafu uuache wazi. Usiuguse."

Jibu lilikuja Jumatatu. Alikuwa ameuacha wazi kwenye kompyuta ya maabara siku nzima, akiendelea na kazi zake. Kila alipopita aliutupia jicho. "Ni kama kuacha mlango wa nyumba ya nyumbani umeegeshwa," aliandika.

Mwezi wa Oktoba, mstari wa Ishiara ukanyamaza. Siku ya kwanza Marcella alidhani ni simu. Siku ya pili aliweka kistari kwenye kisanduku, maana hakutaka kuandika sifuri ambayo haijapimwa. Siku ya tatu Kithaka aliandika maneno mawili: "Baba yuko?" Siku ya nne Marcella aliingia kwa Bwana Muthamia.

"Naomba gari kesho niende Ishiara."

"Kwa kipimo kimoja?"

"Kwa mpimaji, bwana. Na naomba kitu kingine. Nikipiga simu kutoka kule, uniingizie nambari kwenye kompyuta. Nimekuandikia hatua zote, ni sita."

Muthamia aliichukua ile karatasi kwa ncha za vidole. Alimtazama Marcella, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuwa amemwomba chochote ila wino. "Sawa," alisema.

Waliteremka asubuhi, yeye na dereva. Kadiri walivyoshuka ukungu ulibaki nyuma na hewa ikawa kavu, nyeupe, yenye mwanga mwingi mno. Mashamba ya mtama yalikuwa mabua matupu. Mbuzi walisimama katikati ya barabara wakiwaza. Kila kitu kilikuwa kimya, na Marcella alihisi ameingia ndani ya jedwali lake mwenyewe, kwenye ule mstari wa sifuri, ambao hakuwahi kufikiri kama una harufu na joto.

Mwalimu Nthiga alikuwa amekaa mlangoni kwake, mzima. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alipoisikia ya Marcella alisimama na kuvua kofia.

"Ni wewe madam? Umekuja mpaka huku?"

"Tumekukosa siku nne, Mwalimu. Nilidhani unaumwa."

"Siumwi." Alimletea kiti na maji, akakaa. "Nimechoka kuandika kwamba hakuna kitu. Miezi mitano, madam. Naamka, naenda, nainama, natazama kavu, natembea mpaka madukani kukuambia kavu. Ya nini? Nani anahitaji kuambiwa hivyo?"

Marcella alikuwa ameombwa asiseme. Alikitazama kikombe cha maji mkononi mwake, maji ambayo mtu alikuwa ameyafuata mbali, akaona hawezi kuyanywa na bado anyamaze.

"Kithaka," alisema.

Mzee alirudisha kofia kichwani.

"Kila asubuhi anaitazama ile sifuri yako. Iko kwenye kioo mbele yake, huko Norwei. Akiiona anajua umeamka. Siku hizi kumekuwa na kistari, na ameniandikia kuuliza kama upo."

Nthiga aligeuka akatazama uwanja wake. Kuku alipita, akasimama, akapita tena. Midomo ya mzee ilisogea bila sauti, kama mtu anayehesabu kurudi nyuma.

"Anaiona sifuri," alisema mwishowe.

"Anaiona."

"Na hajui nimekasirika au sijakasirika. Sifuri tu."

"Sifuri tu, Mwalimu."

Mzee aliinuka. Alichukua chupa ya kupimia juu ya kabati, akaipangusa kwa shati, wakaenda pamoja nyuma ya nyumba. Alikifungua kipima mvua, akatoa mtungi wa ndani, akaumimina chupani kwa uangalifu wote, ingawa wote wawili waliona hakuna hata tone. Aliinua chupa usawa wa macho.

"Sifuri nukta sifuri," alisema. Aliandika kwenye daftari. Kisha akauliza, "Huko saa hizi ni saa ngapi?"

"Sasa kwetu ni saa nne na nusu. Kwao ni saa tatu na nusu asubuhi."

"Basi yuko."

"Yuko."

Walitembea mpaka madukani, mzee mbele. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu Embu, na Bwana Muthamia alipopokea alimtajia kituo, tarehe na kipimo kama alivyozoea. Marcella aliposhika mkono wa simu alimsikia mkuu wake akibonyeza vitufe kwa kidole kimoja, akizisoma zile hatua sita kwa sauti. Halafu Muthamia akasema, polepole, "Marcella, imebadilika. Kistari kimeondoka. Mlima umebaki palepale."

"Ndiyo, bwana."

"Palepale," alirudia, kama mtu ambaye bado anatazama.

Barua ya Kithaka ilimngoja aliporudi. Iliandikwa mistari miwili. Alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa wakati kistari kilipogeuka, na wenzake wa maabara walimwuliza nambari hiyo ina maana gani hata akae chini.

Mvua ilifika Mbeere tarehe tisa Novemba, Jumanne asubuhi. Embu hakukuwa na dalili, ukungu tu kama kawaida. Nthiga alipiga simu mapema, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo ya mabati. Ilibidi apige kelele. "Mbura, madam! Nne nukta mbili! Na inaendelea!" Alikimbia kurudi, mzee wa miaka sabini, na baada ya saa moja alipiga tena: kumi na moja nukta sita. Marcella aliingiza nambari na kutuma. Tik. Nambari ya chini ilijivua na kuvaa nyingine, na hakuna jani kwenye picha lililojua. Aliwaza juu ya ile maabara, dirisha lenye theluji na giza la asubuhi za huko, na ndani yake kisanduku kidogo ambamo mvua ilikuwa ikipanda. Alimwandikia Kithaka nambari ya simu ya madukani Ishiara, bila neno lingine.

Saa tano na robo Nthiga alitaja ishirini na tatu kamili. Marcella alisahau kumwuliza kama mito imejaa, akapiga simu dakika chache baadaye. Laini ilikuwa inatumika. Alingoja, akapiga tena. Inatumika. Alipiga mara ya tatu baada ya nusu saa, akausikia ule mlio wa kukatika katika, akaweka simu chini taratibu, asije akawasumbua.

Wiki iliyofuata alimwuliza mzee walizungumza nini.

"Aliniuliza kama paa la jikoni bado linavuja," Nthiga alisema. "Nikamwambia linavuja. Akasema akija atalitengeneza."

Kithaka alikuja Juni mwaka uliofuata, akakaa miezi miwili, akajengea kaburi la mama yake ukingo wa mawe. Wakati huo vivinjari vipya vya kufungulia kurasa vilikuwa vimeanza kulifanya jambo la Marcella kwa njia fupi zaidi, zisizohitaji fremu ya kufichwa, naye alizisoma kwa hamu na kuacha zake bila majuto.

Lakini kabla ya hayo, Desemba ile ile, Mwalimu Nthiga alipanda Embu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alikuja na ndengu mbichi kwenye kikapu, akaomba aone. Marcella alimweka kwenye kiti chake, akamfungulia ukurasa, na mzee akautazama mlima ukishuka kutoka juu, mbingu, theluji, mawe. Visanduku vilipotokea alikitafuta cha kwake kwa kidole, akakipata, akaegemea nyuma. Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Marcella alikwenda kumletea chai, akachelewa jikoni akiongea na wenzake, na aliporudi alimkuta amelala pale kitini, kofia gotini. Aliweka chai mezani, akafunika kikombe kwa sahani, akavuta kiti kingine akakaa karibu na dirisha.